Kuvuta tela ukiwa Mwanza: pikapu ya umeme, ya dizeli, au ile mchanganyiko?

Watu wakianza kubishana umeme na dizeli huwa wanaanzia kwenye nguvu, nani anavuta zaidi ya nani. Hapo mbona hakuna ubishi, mota ya umeme inatoa nguvu yake tangu tairi halijazunguka, unakanyaga kidogo tu boti inatoka majini. Kwa mtu wa Mwanza anayevuta tela maswali ni mawili tu, unalivuta mpaka wapi, na ukifika huko gari na tela vinalala wapi. Ukishayajibu hayo, nusu ya kuchagua umemaliza, yaliyobaki ni hela na fundi.

Nalinganisha aina tatu. Ya kwanza dizeli tuliyoizoea, tuchukue Hilux ya 2.8 maana hiyo kila mtu anaijua, inavuta tela lenye breki zake hadi tani 3.5 na tenki ni lita 80. Ya pili umeme mtupu, na siku hizi zipo za kuchagua. Isuzu wana D-Max ya umeme, betri ya yuniti 67 hivi (yuniti hizi hizi za LUKU), kiwanda kinasema ikiwa tupu inaenda kilomita 263 na kuvuta ni tani 3.5 kama ya dizeli. Toyota nao mwaka 2025 wakaonyesha Hilux ya umeme, betri yuniti 59, kilomita kama 240, ila soma vizuri pale kwenye kuvuta, tani 1.6 tu, haifiki hata nusu ya ndugu yake wa dizeli. Maxus eT60 ina betri kubwa zaidi, yuniti 88, halafu kuvuta ni tani moja basi. Za Kimarekani ndio vigogo, Ford F-150 Lightning yenye betri kubwa ni yuniti 131 na inavuta tani 4.5, Rivian R1T inakaribia tani 5, ila usukani kushoto na mwili mpana, kuipitisha kwenye vichochoro vya Mabatini ujipange. Aina ya tatu ni mchanganyiko wa umeme na petroli, mfano BYD Shark, betri yuniti 29 na nusu, injini ya petroli 1.5 yenye turbo, kuvuta tani 2.5.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia gari pima tela lako likiwa na mzigo wake kamili. Watu wanabeba boti ya fiber na injini mbili na madumu ya mafuta ndani halafu wanasema "ni kama tani moja hivi". Lipeleke mizani.

Betri inavyoisha ukifunga tela

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Mwaka 2022 jarida la MotorTrend la Marekani liliichukua hiyo Lightning, ambayo ikiwa haina tela inaandikwa kilomita 480, wakaifunga kempa (lile tela la nyumba, boksi refu la kulala) la tani 1.4, betri ikaisha kwenye kilomita 185. Wakafunga la tani 2.4, ikaenda 160. La tani 3.3, ikaenda 145. Sasa ziangalie hizo namba vizuri, uzito umeongezeka zaidi ya mara mbili lakini kilomita zimepungua arobaini tu, pigo kubwa lilikuja pale pale mwanzo walipofunga boksi nyuma, hata lile jepesi. Kinachokula betri ni upepo. Uzito unausikia kwenye mlima na wakati wa kuondoka, ukishakuwa kwenye tambarare tela pana na refu kwenda juu ndilo linalokumaliza.

Kwa hiyo mtu wa matenti, mwenye tela la chini ambalo vyuma na viti vimelazwa na turubai limekazwa juu, yuko vizuri kuliko mwenye boksi la jokofu la samaki hata kama vyuma vina uzito zaidi. Boti nayo si mbaya, pua yake imechongoka, ilimradi usiiache na turubai linapepea, funga kamba kila sehemu. Magunia ya dagaa ni mepesi lakini watu wanayapanga mpaka juu ya kabini, hayo ni ukuta.

Kitu kimoja kinatusaidia huku, mwendo. Vipimo vile ni vya barabara zao za 110 kwa saa. Sisi na tela nyuma, trafiki wenye tochi, vijiji vya 50 kila baada ya kilomita chache, unajikuta kwenye 80 ukibahatika. Ukishuka kutoka 110 hadi 80 upepo unaokuzuia unabaki karibu nusu, kwa hiyo mwendo wetu wa kobe ni faida kwa mwenye umeme. Mimi kwa D-Max na tela la wastani, tani moja na nusu hivi, napiga hesabu ya yuniti 45 kwa kilomita 100. Maana yake betri nzima ni kilomita 150, na kwa kuwa hakuna mwenye akili anayeisubiri ifike sifuri, hesabu 120 mpaka 130.

Dizeli nayo inakula zaidi ikivuta, asikudanganye mtu, Hilux inayokwenda na lita 9 au 10 kwa kilomita 100 ukiifunga tela itataka 15. Tofauti ni kwamba wewe huoni, kwa sababu unasimama sheli dakika tano umeondoka.

Safari zenyewe

Ndani ya jiji na pembezoni, Kirumba, Igoma, Kisesa, Buswelu, Nyegezi mpaka Usagara, chukua umeme bila kuuliza mara mbili. Kusimama na kuondoka, foleni, vilima vyetu vya mawe, mteremko unaurudisha umeme kwenye betri badala ya kuchoma brekipedi, jioni unachomeka nyumbani.

Upande wa magharibi mambo yamebadilika tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025. Zamani ulikuwa unapanga foleni ya kivuko na tela lako, leo unavuka kilomita 3 za daraja kwa dakika chache. Sengerema ni kama kilomita 60, kwenda na kurudi inaingia kwenye betri moja ya D-Max, hasa ukirudi tela likiwa tupu. Geita kama 120, unafika, ila unafika ukiwa umebaki na yuniti 13 hivi, lazima ulale na uchaji. Kwa wanaopeleka mashine na vifaa kwa wachimbaji hiyo si shida, maana mara nyingi wanalala huko hata hivyo.

Musoma ndiyo inayosumbua, kilomita 220. Magu unapita vizuri, Lamadi unafika umechoka, na hapo sasa ukipata chaja ya kawaida ya kilowati 7 ukala wali samaki masaa matatu unapata yuniti 21, ambazo ni kama kilomita 45 na tela. Ukijumlisha na zilizobaki bado Musoma hufiki. Yaani ni kulala Lamadi au Bunda, safari ya nusu siku imekuwa siku mbili. Lightning na betri yake ya 131 inafika kwa kujibana, usipokutana na upepo wa mbele. Dizeli inafika na inarudi bila kujaza.

Dar hata tusizunguke. Zaidi ya kilomita 1,100, kama yuniti 500, ukiondoka Mwanza betri imejaa bado unadaiwa yuniti 430 za njiani, kwa kilowati 7 ni masaa 61 ya kuchomeka tu, gari imesimama. Dagaa wa Mwaloni (soko letu la samaki pale Kirumba) wanaosubiriwa sokoni Dar hawakusubiri wewe. Dizeli ni lita 165, tenki mbili na kidogo. Chaja za kasi zipo duniani, D-Max ya umeme inakubali hadi kilowati 50 na Lightning inafika 150, ila usizipange kwenye safari kama hujaiona chaja yenyewe kwa macho inafanya kazi na plagi yake inaingia kwenye gari yako.

Kuchaji njiani ukiwa na tela

Hii sehemu wauzaji hawaisemi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Soketi ya ukutani ya kawaida inakupa kilowati 2.3 hivi ukiwa mstaarabu, maana yake betri ya D-Max masaa 29. Na ile soketi ya gesti iliyofungwa miaka hiyo kwa ajili ya pasi na simu haikutengenezwa kubeba mzigo huo usiku kucha, inapata moto, plastiki inaanza kunuka, ukichomoa asubuhi pini zimekuwa kahawia. Usitumie ekstensheni za kuungaunga kabisa. Chaja nyingi pia zinakagua athi (ule waya wa usalama unaoingia ardhini) kabla ya kuanza, zikiona hakuna zinawasha taa nyekundu na kukaa kimya, na nyumba zenye athi ya jina tu ni nyingi mno. Fundi umeme akupimie nyumbani kwako kwanza, akuvutie laini yake peke yake ya kilowati 7, hapo usiku mmoja wa masaa 10 unatosha kujaza.

Njiani ukikosa gesti nzuri tafuta mashine ya kukoboa mpunga. Kuanzia Shinyanga, Nzega mpaka Igunga zimejaa, na zina umeme wa fezi tatu wenye nyaya nene zilizozoea mota kubwa. Wenye mashine jioni wakishafunga kazi wengi hawana neno, ila nenda kwa heshima, "shikamoo mzee, naomba nichaji gari hapa, umeme nanunua mwenyewe". Namna isiyoleta ugomvi ni hii: mnakwenda wote kwenye mita ya LUKU, mnasoma yuniti zilizobaki, unaandika mbele yake. Tuseme jioni ilisoma 212, asubuhi inasoma 158. Yuniti 54 zimetumika, unanunua tokeni ya yuniti 60 kwa namba ya mita yake, anaingiza mwenyewe, zile za juu ni asante. Hakuna kukadiria wala "nipe elfu thelathini tu". Gesti vivyo hivyo, malizana na mwenyewe, mhudumu wa zamu akikukubalia saa mbili usiku bosi akija saa kumi na mbili asubuhi anaweza kukuta gari inanyonya umeme wake ukaitwa mwizi.

Halafu tela lenyewe. Sheli unaingia na kutoka upande wa pili na tela lako nyuma. Kuchaji ni kuingiza pua ukutani, waya una mita chache, na Lightning kwa mfano tundu lake liko mbele pembeni ya kapoti, kwa hiyo tela linabaki limetokeza barabarani. Unalifungua. Kulifungua ni kutafuta sehemu tambarare, mawe ya kuziba tairi, na mtu wa kulilinda, na kama ni boti unafungua injini zake unazibeba ndani kwa sababu asubuhi usizikute ni jambo la kawaida sana. Mageti ya gesti nyingi hayapitishi tela, likiachwa nje unamlipa mlinzi. Hayo yote ni mwisho wa siku ukiwa umechoka. Mwenye dizeli saa hizo ameshapita Singida.

Kukatika umeme nako kupo. Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 limepunguza sana mgao tuliouona mwanzoni mwa 2024, lakini nguzo ikianguka kwa mvua mtaani kwenu megawati hazikusaidii. Chaji betri ikifika nusu, usingoje iishe.

Hela

Nachukua dizeli 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, wewe weka bei ya mwezi huu, EWURA wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza. Lita 15 mara 3,000 ni 45,000 kwa kilomita 100. Umeme, zile yuniti 45 ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, sema 50, kwa yuniti ya 356 pamoja na kodi inakuja 17,800. Unaokoa kama 27,000 kila kilomita 100 na tela nyuma.

Tamu hiyo, ila sasa kaa chini. Ukivuta kilomita 1,000 kwa mwezi unaokoa 270,000, mwaka milioni 3 na laki 2. Kama gari ya umeme imekuzidi bei kwa milioni 40 dhidi ya dizeli, hiyo ni miaka 12, na betri kiwandani wanaidhamini miaka 8 au kilomita 160,000. Ukivuta kilomita 3,000 kwa mwezi tofauti inarudi kwa miaka minne na kitu. Kwa hiyo anayevuta tela la harusi Jumamosi tu, siku nyingine gari imepaki, hesabu haimlipi, labda kama gari hiyo hiyo ndiyo inayozunguka wiki nzima mjini.

Ila huyo wa harusi ana faida moja ambayo haipo kwenye mafuta. Lightning inatoa umeme kilowati 9.6, Shark 6.6, unachomeka mziki, taa na friji moja kwa moja kwenye gari. Mziki wa kilowati 3 masaa sita ni yuniti 18, betri kubwa haistuki. Jenereta inabaki nyumbani, MC anasikika, na lile tela unapunguza mzigo. Ukumbi ukiwa wa wazi kule pembeni ya ziwa hiki kitu wateja wanakiulizia.

Mwaloni, mlimani, gereji

Kuvuta boti kutoka ziwani umeme ni raha. Mchanga umelowa, dizeli ya gia za mkono unachezea klachi mpaka inanuka, au unakanyaga zaidi tairi linachimba. Ya umeme unaipa kidogo kidogo, inatoka taratibu. Maji hayaingii kwenye betri ukikaa ndani ya kina walichoandika, lakini gari ya betri ni nzito, ikizama kwenye tope haiji kutolewa na vijana wanne.

Mlima Sekenke, njia ya Singida, ukitokea huku unapanda, dizeli inanguruma kwenye gia ndogo, umeme unapanda kimya huku asilimia zinashuka unaziona. Ukirudi unashuka, umeme unarudisha sehemu ya ilizokula na breki za gari hazipati moto, mradi betri isiwe imejaa tiii, ikijaa hakuna pa kuweka umeme na unabaki na breki za kawaida. Tela la zaidi ya kilo 750 liwe na breki zake, gari yoyote ile.

Fundi, dizeli imeshinda kwa mbali. Hilux ikiharibika Misungwi, Magu au Bunda utapata anayeijua na spea itafika na basi la jioni. Ya umeme haina oili ya injini, haina nozeli, haina turbo, vitu vya kuharibika ni vichache, lakini kikifa kimoja cha umeme mkubwa fundi wa mtaani asikiguse, ni hatari ya kifo, na gari inapakiwa kwenda Dar.

Ile mchanganyiko inakaa katikati na kwa kweli ndiyo ningemshauri mtu wa Musoma na Bukoba mwenye mzigo chini ya tani 2.5. Unaichaji usiku hata kwa soketi ya kawaida iliyo salama, masaa 13, kilomita 60 za kwanza na tela ni umeme, baada ya hapo petroli unajaza popote. Udhaifu wake ni mlima mrefu betri ikiwa imeisha, ile injini ndogo inabeba kila kitu peke yake na petroli inakunywa hasa, kwa hiyo usiiache betri ishuke mpaka chini kabla ya kupanda. Tani 3 kila wiki kwenda Dar siyo kazi yake.

Mzigo mkubwa na safari ndefu bado ni dizeli. Tela la kila siku ndani ya Mwanza, Sengerema na mwisho Geita kwa kulala, umeme mtupu, na iwe ile inayovuta tani zako kweli, siyo ile yenye kilomita nyingi kwenye karatasi.

Ukiamua umeme na unaagiza iliyotumika, omba picha ya mashine ya kupimia ikionyesha uzima wa betri kwa asilimia, siyo picha ya dashibodi. Omba na picha ya tundu la kuchajia. Za soko la ndani la China zina tundu lao, za Ulaya na Thailand lao, za Marekani lao, na adapta ya chaja ya kasi ni hela ndefu. Muulize na muuzaji kama udhamini wa betri unafuata gari ikitoka nje ya nchi yake, mara nyingi haufuati. Na mwambie akutumie ile bati yenye namba ya uzito wa kuvuta, kwa sababu gari moja, jina moja, mwaka mmoja, unaweza kukuta moja inaruhusiwa tani 3.5 na nyingine 1.6.